Mbono ulitufundisha, haidrojeni isitukute tumesahau

Nyumbani kwa babu, mkoa wa Pwani, ua wetu ulikuwa wa mbono. Matawi yalikatwa mvua zinapokaribia, yakachomekwa ardhini, na baada ya msimu mmoja tu yakawa ukuta wa kijani ambao mbuzi hawakuugusa. Majani yake na mbegu zake vina sumu, na sisi watoto tulionywa mapema kwamba mbegu zile nyeusi si za kutafuna hata kama zinavutia. Wazee waliuita mbono kaburi, maana ulipandwa pia makaburini kuonyesha mahali alipolazwa mtu. Utomvu wake ulipakwa kwenye vidonda. Hakuna aliyeuhesabu kuwa zao.

Kisha, katikati ya miaka ya 2000, tukaanza kusikia redioni kwamba ule mti ni kisima cha mafuta. Bei ya mafuta duniani ilikuwa inapanda kila mwezi, na Julai 2008 pipa moja likafika dola 147. Wawekezaji wakaja na maneno yaliyofanana kana kwamba yamepigwa chapa moja: mbono unaota penye ukame, hauhitaji mbolea, hauhitaji maji mengi, na kwa kuwa hauliwi, haugombani na chakula. Mbegu zake zikikamuliwa na mafuta yake yakasindikwa, unapata biodizeli ya kuendeshea magari bila kuchimba petroli.

Naukumbusha mwaka huo kwa sababu leo nasikia maneno ya aina hiyohiyo yakisemwa kuhusu gesi ya haidrojeni kuwa mafuta mapya ya magari, na naona tunakaribia kuitikia kwa sauti ileile.

Wilayani Kisarawe, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99, katika ardhi ya vijiji zaidi ya kumi. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Mamia ya vibarua wakarudi majumbani bila kazi, na ardhi waliyokuwa wakiitegemea kwa kuni, mkaa na dawa za miti haikurudi mikononi mwao kwa sababu tu mwekezaji ameanguka. Kilwa, kampuni ya Uholanzi iliyolenga hekta 34,000 ilikuwa imekwisha kufilisika mwaka 2010. Upande wa Kenya, mpango wa kulima mbono kwenye hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha, karibu na Malindi, ulikwama baada ya wakazi na watetezi wa mazingira kuupinga kwa nguvu.

Walioshindwa walisema masoko ya fedha yaliyumba baada ya 2008, na ni kweli yaliyumba. Lakini sababu kubwa ilikuwa ndani ya mti wenyewe, na mtu yeyote aliyekulia nyuma ya ua wa mbono angeweza kuwaambia. Mbono unaishi kwenye ardhi mbovu, hilo halina ubishi. Ila kuishi na kuzaa ni mambo mawili. Ule uliokuwa uani kwetu ulisimama miaka yote ya ukame, na miaka yote hiyo ulizaa vijitunda vya kuhesabu. Ukitaka uzae vizuri, unataka maji na mbolea kama mahindi yanavyotaka, na hapo ndipo unaposhindana na mahindi.

Halafu kuna kuchuma. Shika kichala kimoja cha mbono mkononi: tunda moja bado bichi, la pili limeanza njano, la tatu limeshakauka na kuwa jeusi. Haviivi pamoja. Mchumaji anaurudia mti mmoja mara tano, mara sita kwa msimu, na kila tunda analochuma lina mbegu tatu tu. Mashine ya kuvuna kwa mkupuo mmoja haina pa kuanzia. Kazi yote ni ya vidole vya watu, na vidole hivyo kwa kawaida ni vya akina mama ambao tayari wana shamba la kupalilia.

Piga hesabu kidogo. Kupata lita moja ya mafuta ya mbono unahitaji takribani kilo nne za mbegu. Shamba la kawaida lisilomwagiliwa likitoa tani moja kwa hekta, mkulima amshukuru Mungu; hiyo ni kama kilo 400 kwa ekari. Sasa lichukue lori la mizigo linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, zaidi ya kilometa 800, pamoja na kuupanda mlima Kitonga. Litakunywa karibu lita 400. Hizo ni kilo 1,600 za mbegu, yaani mavuno ya ekari nne kwa mwaka mzima. Kwa safari moja, ya kwenda tu.

Mbono hauliwi, sawa. Lakini ekari nne zilizopandwa mbono zingeweza kupandwa mhogo, na mhogo unaliwa.

Wazo lenyewe si geni. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya dizeli iliwashwa ikitumia mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe aliandika baadaye kwamba mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa na umuhimu mkubwa. Mwaka 1937 ikasajiliwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Ubelgiji ya kubadili mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, na mwaka uliofuata basi la abiria likatembea kati ya Brussels na Louvain likiendeshwa kwa mawese yaliyosindikwa. Mawese ya wapi? Ya Kongo, iliyokuwa koloni lao. Wataalamu wengi huitaja hataza hiyo kuwa chanzo cha biodizeli kama tunavyoijua leo. Nashangaa kila ninapolikumbuka basi lile: abiria wake walikaa Ulaya, michikichi ilikuwa ukingoni mwa mto Kongo, na waliokwea michikichi hiyo kuangusha vichala walikuwa wakifanya kazi chini ya utawala ambao hawakuuchagua.

Kilichouleta mbono Kisarawe kilikuwa na umbo lilelile. Mwaka 2007 viongozi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana, na mwaka 2009 wakapitisha agizo, kwamba kufikia 2020, asilimia 10 ya nishati ya usafiri kwa kila nchi mwanachama itoke kwenye vyanzo jadidifu, yaani visivyoisha. Mashamba ya Ulaya yasingetosha. Namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi kule ikawa maelfu ya hekta huku. Baadaye wenyewe waliona hatari yake, na mwaka 2015 wakaweka kikomo cha asilimia 7 kwa nishati itokanayo na mazao ya chakula, lakini kampuni za Kisarawe na Kilwa zilikuwa zimeshaondoka.

Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na gesi kuadimika, Umoja wa Ulaya ukaandika namba nyingine: kufikia 2030, uagize kutoka nje tani milioni 10 za haidrojeni iliyotengenezwa kwa nishati jadidifu. Namba ni kumi tena. Na macho yakageukia Afrika tena: Namibia, Mauritania, Misri, Moroko, Afrika Kusini, Kenya. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo wenyewe walisema Julai 2024 kwamba malengo hayo yalikuwa makubwa kupita uwezo. Hilo lisitupe usingizi. Ahadi za mbono nazo hazikutimia, na ardhi ilichukuliwa vilevile.

Ili tuelewane, haidrojeni huichimbi kama unavyochimba mafuta. Ni ndoo, si kisima. Lazima utumie nishati nyingine kuipata, na ndipo uibebe kwenda kuitumia. Dunia inatengeneza karibu tani milioni 100 kwa mwaka, karibu zote kutokana na gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta, na isiyochafua hewa haifiki hata asilimia moja. Ile inayosifiwa kuwa safi hupatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa jua, upepo, maji au jotoardhi: oksijeni inaachwa, haidrojeni inakamatwa. Kisha inashindiliwa kwenye mitungi kwa mgandamizo mkubwa mno, au inapoozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Kwenye gari, inakutanishwa tena na oksijeni ndani ya kifaa maalumu, inatoa umeme, umeme unazungusha mota, na kwenye ekzosi linadondoka tone la maji safi.

Tone hilo la maji ndilo linalopigwa picha. Mimi nataka tutazame ile safari ya kutoka umeme kwenda haidrojeni, halafu kutoka haidrojeni kurudi kwenye umeme. Kilo moja ya haidrojeni hutengenezwa kwa uniti 50 hadi 55 za umeme. Gari dogo lililoundwa kuitumia litakwenda kilometa 100 na ushei kwa kilo hiyo. Ukizichukua uniti zilezile ukazitia moja kwa moja kwenye betri ya gari la umeme, utasafiri karibu kilometa 300. Kwa nchi yenye umeme wa kumwaga labda tofauti hiyo ni ndogo. Kwa nchi ambayo kijiji kinalala gizani kilometa chache kutoka kwenye nguzo kubwa za umeme, hiyo ni dhuluma.

Na walioijaribu wenye fedha kutuzidi wameanza kurudi nyuma. Mji wa Montpellier, Ufaransa, uliagiza mabasi 51 ya haidrojeni, na Januari 2022 ukaiacha oda hiyo baada ya kuona gharama ya kuyaendesha ingekuwa mara sita ya mabasi ya betri. Jimbo la Lower Saxony, Ujerumani, lilikuwa la kwanza duniani kubeba abiria kwa treni za haidrojeni mwaka 2018. Mwaka 2023 likatangaza kwamba treni zitakazofuata zitakuwa za betri. Hawa hawakukosa wahandisi wala vituo vya kujazia. Waliona bili.

Kwa hiyo mtu akija Dar es Salaam, Mombasa au Kigali akiuza basi la haidrojeni, ningependa aulizwe bei ya kilometa moja kabla hajakaribishwa chai.

Hata hivyo sitaki haidrojeni ifukuzwe. Kuna mahali inahitajika sana, na mahali hapo ni shambani. Mbolea ya chumvichumvi tunayoijua kama urea, CAN au DAP inahitaji amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuunganisha haidrojeni na naitrojeni ya hewani. Haidrojeni hiyo leo inatokana na gesi, na bei ya gesi ikipanda Ulaya, mkulima wa Songea na wa Kitale wanalia pamoja. Tuliliona hilo mwaka 2022. Mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000 za Tanzania, watu wakapanda mahindi bila mbolea, na Agosti mwaka huo serikali ikalazimika kuzindua mbolea ya ruzuku pale Mbeya. Mkakati wa haidrojeni ambao Kenya iliutoa Septemba 2023 umeanza na jambo hili: awamu ya kwanza, hadi 2027, inatanguliza mbolea ya kutumika nchini kabla ya kuuza nje. Nchi yenye mvuke wa Olkaria, ambako jotoardhi hutoa umeme usiku na mchana bila kungoja jua, ina sababu ya kulijaribu. Nauunga mkono mpangilio huo kwa moyo wote, na ningependa kuona Wakenya wakiulinda pindi wanunuzi wa amonia kutoka ng'ambo watakapokuja na bei nzuri.

Nirudi kwenye biodizeli, maana nayo ina mahali pake, ingawa ni padogo kuliko tulivyoahidiwa.

Utengenezaji wake si uchawi. Mafuta ya mimea au ya wanyama huchanganywa na methanoli na kiasi kidogo cha kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Baada ya saa kadhaa gliserini nzito inatuama chini, juu inabaki biodizeli ambayo injini ya kawaida ya dizeli inaikubali. Hatua hiyo ndiyo watu wengi wanaoiruka. Fundi mmoja wa pampu na nozeli pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinionyesha nozeli nne alizozing'oa kwenye gari la mteja aliyekuwa akitia mafuta ya kula moja kwa moja kwenye tangi. Ncha zake zilikuwa zimeota masizi magumu kama ukoko wa chungu. Alizikwangua kwa ukucha, akanionyesha vitundu vilivyoziba, akasema kwa upole, "Huyu kaka hakuchakachua kwa ubaya. Aliambiwa ni kitu kimoja." Hata biodizeli halisi ina tabia yake: inasafisha uchafu wa miaka mingi kwenye tangi kuukuu na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo siku za kwanza filta lazima ibadilishwe mapema. Haya ni mambo ambayo sera huyaacha na fundi huyakuta.

Swali gumu ni mafuta yatoke wapi. Kwa hesabu zilizotajwa na serikali mara nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2020, Tanzania ilihitaji kama tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na ilizalisha kama tani 205,000. Pengo linazibwa kwa kuagiza mawese kutoka Malaysia na Indonesia kwa dola. Ndiyo maana tangu 2018 serikali imehimiza michikichi Kigoma, na alizeti Singida na Dodoma. Nchi inayokosa mafuta ya kukaangia haiwezi kuyamwaga kwenye injini. Indonesia inaweza kuchanganya mawese kwenye dizeli hadi asilimia 40, kama ilivyoanza kufanya mwaka 2025, kwa sababu ina ziada. Na hata wao wameilipia kwa misitu.

Kinachobaki ni mafuta yaliyokwisha kutumika. Simama jioni kwenye kibanda chochote cha chipsi, tazama ndani ya karai. Mafuta ya asubuhi yalikuwa ya dhahabu. Saa mbili usiku yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yanatoa povu na moshi kabla kiazi hakijaingia, na kesho yataongezwa mapya juu yake. Mlaji anayala. Yakishindikana kabisa, yanamwagwa mtaroni. Mtu akiyanunua kwa bei inayomshawishi muuza chipsi kuyabadilisha mapema, unapata dizeli, unaokoa mitaro, na unamwokoa mlaji na mafuta yaliyoungua siku tatu. Kwa hoteli, viwanda vya vyakula na kantini za vyuo kazi ni rahisi zaidi kwa sababu yako mengi mahali pamoja. Hayatatosha kuendesha magari ya nchi. Yatatosha kuendesha magari ya taka ya jiji, pengine na vivuko, na hilo linatosha kuanza.

Anga ni jambo jingine. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati karibu uniti 12. Kilo moja ya betri nzuri ya gari la umeme la leo haifiki hata theluthi moja ya uniti. Ndege ya kwenda Ulaya haitaruka kwa betri karibuni. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta jadidifu yaliyotolewa na Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, na Eni hiyohiyo ilikuwa imefungua kiwanda cha kukamua mafuta Makueni Julai 2022, ikasafirisha shehena ya kwanza kwenda kiwanda chake cha Gela, Sicily, Oktoba mwaka huo. Kati ya mbegu zinazokamuliwa kuna nyonyo, ambayo wengine huiita mbarika, na ambayo kwa mkulima inafanana na mbono katika mambo mengi.

Barabarani jibu letu kubwa limeshaanza kutembea. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na ikafika Dodoma wiki chache baadaye, mwaka uleule ambao mitambo ya Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuwashwa. Bodaboda za umeme zipo Kigali na Nairobi, zikibadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache. Ethiopia iliacha kuruhusu magari ya petroli na dizeli kuingizwa mwaka 2024, kwa sababu ina umeme wa maji na haina dola za mafuta. Malori ya Tunduma na ya Malaba yatabaki na dizeli kwa miaka mingi bado, na sioni aibu kulikiri. Kila shehena itakayohamia reli ya umeme itayapunguza kuliko ekari yoyote ya mbono.

Mkulima wa Makueni, na yeyote wa Handeni au Lindi atakayefikiwa kesho, anapaswa kuwekewa mkataba mezani kwa lugha anayoisoma. Uandikwe bei ya chini ya kilo moja ya mbegu, na itadumu misimu mingapi. Uandikwe nani anabeba hasara mvua zisiponyesha. Uandikwe kwamba shamba linabaki la kwake na mazao yanachanganywa na mahindi au kunde. Na kama ni ardhi ya kijiji, uandikwe inarudi kwa nani, na kwa muda gani, siku kampuni itakapofilisika. Kisarawe kipengele hicho cha mwisho ndicho watu walichokitafuta mwaka 2011.

Ua wa babu bado upo. Nilipokwenda mara ya mwisho, mbegu zilikuwa zimedondoka chini ya matawi, nyingi tu, na hakuna aliyeziokota. Upande wa pili wa ua kulikuwa na mihogo.